Jinsi ya kurekodi ukaguzi wa miti kwa kanzidata na ramani: mti mmoja, kaguzi nyingi

Watu wengi wanaanza hivi: wanafungua Excel, mstari mmoja mti mmoja, kolamu ya jina, kolamu ya hali, kolamu ya maoni, wiki ya kwanza mambo yanapendeza kabisa. Afu mwaka unaisha, unarudi kukagua tena, ndo unajikuta umesimama chini ya mti ule ule umeshika simu unajiuliza sasa hii hali mpya naandika wapi. Ukifuta ya zamani historia imeenda, ukiongeza kolamu pembeni "hali 2", "maoni 2", baada ya miaka kadhaa jedwali limekuwa refu kama treni na hakuna mtu anayelisoma. Mi nimepita huko, nilifika "maoni 5" ndo nikasalimu amri.

Kilichonitoa hapo ni kitu kimoja tu na mwongozo wote huu unazunguka hapo hapo: mti ni kitu kimoja, ukaguzi ni kitu kingine. Mti uko palepale haujatembea, ukaguzi ni tukio, una siku yake na mtu wake na alichokiona. Chukulia kadi ya kliniki, mtoto ni mmoja ila mahudhurio ni mengi, na kila hudhurio lina mstari wake, hakuna nesi anayefuta uzito wa mwezi jana ili aandike wa leo.

Vitu unavyohitaji: programu ya majedwali kama Excel au Calc, programu ya kanzidata kama Access au Base (Base inakuja na LibreOffice, bure), QGIS kwa ajili ya ramani, nayo bure, na simu yenye GPS. Kama mnaenda uwandani wengi weka na QField kwenye simu, hiyo ni kama mdogo wake QGIS. Huna haja ya kuwa fundi wa kompyuta, ila jipe siku mbili tatu za kuvurugana nazo kabla hujaingiza data ya kweli.

Hatua ya 1: Mpe kila mti namba, na namba isirudiwe kamwe

Kabla ya kompyuta anza na mti wenyewe. Namba ndo itakayounganisha kila kitu, kibati cha namba kinachopigiliwa kwenye mti, fomu, picha na ramani, kwa hiyo ikiharibika hii vingine vyote vinaanguka. Tumia mtindo kama M-0001, M-0002, na usiweke maana ndani ya namba. Kuna watu wanaandika namba kama "LANGO-MWE-03" yaani getini, mwembe, wa tatu, inaonekana akili sana mpaka siku geti linahamishwa, au mtu anagundua ule haukuwa mwembe.

Hiyo herufi M na kistari mbele si urembo. Ukiandika 0001 peke yake jedwali linadhani ni hesabu na linakata sifuri zote linabakisha 1, afu simu ina 0001 na laptopu ina 1 na havikutani. Ukiweka herufi inasomeka kama maandishi, inakaa ilivyo.

Kibati cha alumini na msumari wa alumini vinatosha, usiupige msumari mpaka mwisho, acha nafasi shina linenepe, la sivyo baada ya miaka michache gome limekimeza kibati. Weka urefu ule ule na upande ule ule kwa miti yote, mfano upande wa kaskazini juu kidogo ya kichwa, ili anayekuja baada yako asizunguke kila shina akitafuta. Waya wa kuzungushia shina usitumie kabisa, mti ukinenepa waya unakata gome.

Hatua ya 2: Majedwali mawili, siyo moja

Fungua Base au Access, tengeneza jedwali la kwanza liite miti. Humu weka vile ambavyo havibadiliki au vinabadilika mara moja maishani: namba_mti (hii ndo ufunguo mkuu, yaani kolamu inayotambulisha kila mstari na isiyojirudia), jina la mti, jina la kisayansi, lat (latitudo), lon (longitudo), maelezo mafupi ya mahali kama "nyuma ya tangi, wa pili kutoka ukutani", na kolamu moja inayosema mti upo, umekatwa au umeanguka.

Jedwali la pili liite ukaguzi. Hapa ufunguo mkuu ni namba ya ukaguzi inayojiongeza yenyewe, afu namba_mti (ya mti uliokaguliwa), tarehe, mkaguzi, mzingo wa shina, urefu, kasoro (hizi zitakuwa kolamu kadhaa, naeleza Hatua ya 3), kilicho chini ya mti, kiwango cha hatari (kwa namba, 1 ni ndogo, 5 ni kubwa), cha kufanya, kifanyike kabla ya lini, kimefanyika lini, tarehe ya kurudi, jina la faili la picha, na maoni.

Angalia mzingo nimeuweka wapi. Wengi wanauweka kwenye jedwali la miti kwa sababu unaonekana ni sifa ya mti, lakini mti unakua jamani, mzingo wa leo ni wa leo. Ukiuweka kwenye ukaguzi unapata bure kabisa historia ya unenepaji, na saa ingine mti ulioacha kunenepa ndo dalili ya kwanza kwamba huko chini kwenye mizizi mambo si mazuri.

Sasa yaunganishe. Kwenye Base nenda menyu ya Tools, Relationships, leta majedwali yote mawili, shika namba_mti ya miti uikokote mpaka namba_mti ya ukaguzi. Ukibonyeza mara mbili ule mstari unaotokea, inakuuliza ifanye nini mti ukifutwa, chagua "No action". Kwenye Access weka tiki "Enforce Referential Integrity" ila ile ya "Cascade Delete" (inayofuta kaguzi pamoja na mti) iache tupu. Maana yake ni kwamba mtu akijaribu kufuta mti wenye kaguzi programu inakataa, na pia hauwezi kuingiza ukaguzi wa mti ambao haupo, ukikosea ukaandika M-0417 badala ya M-0147 na hakuna M-0417 inakurudisha hapo hapo. Hii dakika moja ya kuunganisha itakuokoa kuliko kitu kingine chochote humu.

Hatua ya 3: Orodha za kuchagua badala ya kuandika

Hapa niwe mkali kidogo. Sehemu yoyote inayoweza kuwa orodha iwe orodha. Ukiwaachia watu waandike watakuletea "mwarobaini", "Mwarobaini", "muarobaini", "mwarubaini" na mmoja ameweka nafasi mwishoni ambayo haionekani kwa macho. Kwako huo ni mti mmoja, kwa kompyuta hizo ni aina tano, na siku ukiuliza tuna miarobaini mingapi jibu linakuja vipande vipande. Tengeneza jedwali dogo la tatu lenye majina ya miti na majina yake ya kisayansi, Azadirachta indica, Mangifera indica, Casuarina equisetifolia na kuendelea, fomu isome kutoka humo. Jina la kisayansi usilidharau, majina ya kawaida yanahama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, mti mmoja majina matatu au jina moja miti miwili.

Kwa kasoro usiweke kolamu moja ya "kasoro" ukatarajia maajabu. Weka kolamu kadhaa: matawi makavu, nyufa, tundu au pango, uyoga shinani au kwenye mizizi, kuinama, udongo kuinuka au kupasuka upande mmoja wa shina, shina pacha lenye kona kali ambapo gome limebanwa katikati. Na kila moja iwe na majibu matatu: "ipo", "hakuna", "sikuona".

Hilo jibu la tatu watu hulipuuza. Shina lililofunikwa na mtambaa mpaka juu hauwezi ukasema halina ufa, hujauona tu. Nafasi tupu nayo ni mbaya zaidi kwa sababu haisemi kama uliangalia ukakuta hakuna, au hukuangalia, au simu iliganda. Mwaka kesho mti ukianguka na mtu akauliza, "hakuna" na "sikuona, mtambaa umefunika" ni majibu mawili tofauti sana, na la pili linaenda na kazi yake: ondoa mtambaa, rudi uangalie.

Tarehe iwe kolamu ya aina ya tarehe, siyo maandishi, na ukilazimika kuiandika kwenye maandishi andika mwaka kwanza, 2025-04-03. Ile 03/04 mmoja anasoma Aprili mwingine anasoma Machi na wote wana uhakika.

Hatua ya 4: Fomu

Base ina msaidizi wa kutengeneza fomu, mpe jedwali la miti kama fomu kuu, afu akikuuliza kuhusu fomu ndogo mwambie ndiyo, achukue ukaguzi kupitia ule muunganiko uliotengeneza. Access nayo iko hivo hivo. Matokeo yake unaona mti juu na chini yake kaguzi zake zote kwa mistari, ya mwisho ikiwa tupu inakusubiri. Mtu wa ofisini akifungua M-0147 anaona pale pale: mwaka juzi tawi kavu moja, mwaka jana matatu, mwaka huu uyoga. Hiyo picha jedwali moja refu haliwezi kukupa.

Usijaze fomu maswali arobaini. Kila swali unaloongeza ni sekunde kadhaa chini ya kila mti, na ikifika saa nane mchana mkaguzi ameanza kubonyeza "hakuna, hakuna, hakuna" bila kuinua kichwa.

Hatua ya 5: Uwandani, koodineti na vipimo

GPS ya simu pakiwa wazi angani inakosea kama mita 5 hivi, na chini ya miti mikubwa au karibu na ghorofa inakosea zaidi. Sasa miti yako imepandwa mita 4 kwa 4, unaona tatizo. Usiitegemee GPS ikwambie huu ni mti gani, kazi hiyo ni ya kibati, GPS inakupeleka tu mtaa wake. Mi huwa nachukua nukta kwa simu, afu nikikaa kwenye kompyuta naisogeza kwa mkono juu ya picha ya setilaiti mpaka ikae kwenye kivuli cha mti wenyewe. Kwenye QField unaweza kufanya hivo hapo hapo, unaburuza ramani mpaka alama ya katikati ikae juu ya mti ndo unaweka nukta.

Andika koodineti kwa desimali, siyo digrii dakika sekunde, na tarakimu tano baada ya nukta zinatosha, ya tano ni kama mita moja na kidogo. Ukiona mtu kaandika tarakimu kumi na mbili ujue ni mbwembwe za programu, hakuna simu inayojua hivo.

Kupima: mzingo wa shina unapimwa mita 1.3 kutoka chini, na kama mti uko kwenye mteremko pimia kutoka upande wa juu wa mteremko. Nchi nyingine kama Marekani wanatumia mita 1.4 hivi, kwa hiyo amua moja uiandike mahali. Rekodi mzingo uliosoma kwenye tepu, kipenyo kompyuta itakihesabu yenyewe kwa kugawa kwa 3.1416. Mzingo wa sm 188 ni kipenyo cha sm 60 hivi. Ukimwachia mtu agawe kichwani akiwa juani utapata vipenyo vya ajabu, na ubaya zaidi baadhi wataandika mzingo wengine kipenyo kwenye kolamu ile ile. Urefu wa mti makadirio yanatosha kwa kazi nyingi.

Mtandao usiutegemee. Kama ni QField pakia mradi mzima kwenye simu kabla ya kutoka, pamoja na picha ya ramani ya chini iwe kwenye faili, siyo ya kuvutwa kutoka intaneti, la sivyo utafika huko uone nukta zinaelea kwenye weupe mtupu. Chaji simu, beba pawabenki, GPS na kioo chenye mwanga mkali vinakula betri vibaya.

Picha: piga mbili kwa uchache, mti mzima ukiwa umesimama mbali na shina kwa karibu, na kila mwaka simama palepale. Zipe jina lenye namba na tarehe, M-0147_2025-03-12_1.jpg. Usiziingize picha zenyewe ndani ya kanzidata, faili litavimba mpaka lishindwe kufunguka, weka folda ya picha pembeni na kwenye jedwali andika jina la faili tu.

Hatua ya 6: Ramani

Njia rahisi ya kutoka kwenye kanzidata kwenda QGIS ni CSV, faili la maandishi matupu lenye kolamu zilizotenganishwa kwa mkato. Hifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi), afu ndani ya QGIS nenda Layer, Add Layer, "Add Delimited Text Layer", chagua faili. Itakuuliza X na Y. X ni lon, Y ni lat. Mfumo wa koodineti chagua EPSG:4326, huo ndo ambao simu yako inatumia.

Hapo kwenye X na Y ndo karibu kila mtu anaangukia mara ya kwanza. Ukizigeuza miti yako inahamia bara lingine. Ukisahau alama ya kutoa kwa sehemu zilizo kusini mwa ikweta inarukia kaskazini umbali ule ule, kama imejiangalia kwenye kioo. Na ukiona nukta zote zimerundikana baharini magharibi mwa Afrika, kwenye Ghuba ya Guinea, usishangae, pale ndo 0,0, maana yake koodineti zako ni sifuri. Na kama nukta hazionekani kabisa angalia kama jedwali lako limeandika desimali kwa mkato badala ya nukta.

Kwa ramani ya chini, kwenye paneli ya Browser upande wa kushoto kuna XYZ Tiles, ndani yake kuna OpenStreetMap, bonyeza mara mbili. Nukta zikikaa sawa bonyeza leya kulia, Export, hifadhi kama GeoPackage. Wengi bado wanahifadhi kwa shapefile, muundo wa zamani wa faili za ramani, kwa mazoea, lakini shapefile majina ya kolamu inakata kwenye herufi 10, kwa hiyo tarehe_ukaguzi na tarehe_ukarabati zote zinakuwa tarehe_uk-kitu fulani hujui ipi ni ipi. Pia si faili moja, ni kundi, ukimtumia mwenzako ukasahau moja hafungui kitu. GeoPackage ni faili moja, na ndani yake ni kanzidata kamili ya SQLite, inabeba jedwali la miti lenye nukta na jedwali la ukaguzi lisilo na nukta pamoja.

Ndo maana ukishazoea unaweza kuachana na Base kabisa, ukatengeneza yote mawili ndani ya GeoPackage moja, ukayaunganisha kwenye Project, Properties, Relations, na orodha za kuchagua ukaziweka kwenye Attributes Form kwa kutumia "Value Map". Kama mnakusanya kwa QField hii ndo njia ninayoipendekeza. Kama ofisini kuna mtu mmoja anayeingiza data kutoka karatasini na hataki kuona ramani maishani mwake, mwachie Base na fomu yake, wewe chora ramani.

Hatua ya 7: Kuuliza maswali, hapa ndo faida yenyewe

Swali la kwanza kila mtu anataka: hali ya sasa ya kila mti. Inaonekana rahisi, ina mitego miwili.

Unaanza na siku ya mwisho kukaguliwa, kwa SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali:

SELECT "namba_mti", MAX("tarehe") AS "siku" FROM "ukaguzi" GROUP BY "namba_mti"

(Kwenye Access ondoa hizo alama za kunukuu, inazielewa vingine.) Hii inakupa namba na tarehe tu. Mtego wa kwanza ni kuongeza MAX ya kiwango cha hatari pembeni, ukidhani itakuletea hatari ya siku hiyo. Hapana, itakuletea hatari kubwa kuliko zote tangu mti uanze kukaguliwa. Mti ulikuwa na tawi linaloning'inia, hatari 5, likakatwa, ukaguzi uliofuata hatari 1, lakini ramani itaendelea kuonyesha 5 milele na watu wataendelea kutumwa kwenye mti mzima kabisa. Cha kufanya hifadhi swali hilo kwa jina siku_ya_mwisho, afu tengeneza swali la pili linaloliunganisha na jedwali la ukaguzi kwa vitu viwili, namba_mti na tarehe. Hapo unapata mstari mzima wa siku ile. Liite ukaguzi_wa_mwisho. (Mti ukikaguliwa mara mbili siku moja utatokea mara mbili, si mbaya, unaona na kuchagua.)

Mtego wa pili nimeuingia mwenyewe na haukupiga kelele. Unatengeneza swali la tatu linalounganisha miti na ukaguzi_wa_mwisho ili upate koodineti, unalipeleka QGIS, ramani inapendeza. Lakini muunganiko wa kawaida unaleta mistari iliyopo pande zote mbili tu, kwa hiyo mti ambao haujawahi kukaguliwa hata siku moja unatoweka kwenye ramani. Ile miti unayopaswa kuihofia kuliko yote, ambayo hakuna mtu ameitazama, ndo haionekani! Mi niligundua kwa kuhesabu tu, jedwali la miti lilikuwa na mistari mingi kuliko nukta za ramani, zaidi ya ishirini hazikuwepo. Bonyeza mara mbili mstari wa muunganiko ndani ya swali, badilisha uwe "Left join" upande wa miti, hapo miti yote inakuja, isiyokaguliwa inakuja na nafasi tupu.

Hilo swali la tatu ndo unalotoa kama CSV kila ukitaka ramani mpya. Kwenye Base unaweza kulikopi swali ukalipesti kwenye Calc moja kwa moja.

Rangi sasa. Kwenye QGIS, Symbology, chagua "Rule-based", weka sheria chache tu: tarehe ya kurudi imepita, kuna kazi haijafanyika, haujawahi kukaguliwa, na uliobaki uko sawa. Sheria ya kwanza inaandikwa hivi: to_date("rudi_tarehe") < now(), ambapo rudi_tarehe ni ile kolamu ya tarehe ya kurudi. Tofautisha kwa umbo pia siyo rangi peke yake, pembetatu kwa iliyochelewa, mraba mtupu kwa isiyokaguliwa, kuna watu nyekundu na kijani kwao ni rangi moja na kuna printa za ofisi zinazochapa nyeusi tu. Miti iliyo sawa ipe kijivu chepesi, haina haja ya kung'aa.

Kiwango cha hatari usikisome peke yake kwenye ramani. Mti uliooza nusu katikati ya kichaka ambako hakuna anayepita, na mti wenye tawi moja kavu juu ya benchi wanapokaa watu kila siku, wa pili ndo unaanza. Ndo kazi ya ile kolamu ya kilicho chini ya mti: njia, benchi, paa, waya wa umeme, maegesho, hakuna kitu. Panga orodha ya kazi kwa kolamu hizo mbili pamoja.

Hatua ya 8: Kutunza faili

Kanzidata moja, nakala moja ya kufanyia kazi, mtu mmoja anayeruhusiwa kuingiza mabadiliko kutoka simu zote. Ukianza kuwa na miti_mpya, miti_mpya_2, miti_MWISHO na miti_MWISHO_kweli umeshapotea.

Bakapu kila siku ya kuingiza data, jina la faili na tarehe mbele. Faili la Base funga programu vizuri ndo ukopi, umeme ukikatika katikati ya kusevu linaweza kuharibika. GeoPackage nayo, ikiwa iko wazi ndani ya QGIS utaona vifaili viwili vidogo pembeni vyenye -wal na -shm mwishoni, hapo kuna data ambayo haijaingia kwenye faili kubwa, kwa hiyo ukikopi faili kubwa peke yake unaweza ukaacha kazi ya leo nyuma. Funga QGIS, vikipotea ndo ukopi.

Na kama lazima upange data kwenye jedwali la kawaida kabla ya kuipeleka kwenye kanzidata, usichague kolamu moja ukabonyeza kupanga. Mi nilifanya hivo jioni moja nimechoka, nikapanga kolamu ya namba peke yake, namba zikajipanga vizuri sana na maoni yakabaki yalipokuwa, kila mti ukavaa ugonjwa wa mwenzake. Na nikasevu.

Mti ukikatwa

Hili linakuja tu, kwa hiyo jiandae. Usifute mstari wake. Badilisha kolamu ya hali iwe "umekatwa" au "umeanguka", ongeza ukaguzi mmoja wa mwisho wenye tarehe ya siku hiyo, kibati king'oe ukitunze au ukitupe ila namba yake isipewe mti mwingine. Mche ukipandwa kwenye shimo lile lile ni mti mpya, namba mpya, hata kama koodineti ni zile zile mpaka tarakimu ya tano.

Kwenye huo ukaguzi wa mwisho piga picha ya kisiki kutoka juu, na pima ubao uliobaki mzima una unene gani na uozo umeanzia upande upi. Afu rudi ukafungue fomu ya mti huo, zile kaguzi zote chini yake kwa mistari. Kama kisiki ni pango tupu na kaguzi tatu mfululizo zinasema "tundu: hakuna", fungua picha za shina za miaka hiyo, angalia upande ule ule wa uozo, na mara nyingi utakuta gome lilikuwa limebonyea hapo au kuna kovu la tawi la zamani ambalo hakuna aliyelitilia maanani. Ongeza hilo kwenye orodha ya kasoro, afu tafuta kwenye ramani miti mingine ya aina ile ile yenye mzingo unaokaribiana, uiwekee tarehe ya kurudi ya wiki hii.